Mzee kuchanganyikiwa baada ya upasuaji: tuanze na dozi

Mhariri,

Mzee akifanyiwa upasuaji wa nyonga, kisha siku ya pili akaanza kung'oa dripu na kuzungumza na waliokwisha kufa, ndugu husema amerogwa. Wodini utasikia "ni uzee tu". Yote mawili si kweli. Ubongo umevurugika kwa muda, na mara nyingi kuna njia ya kuepusha hali hiyo.

Wapo wanaotaka kila chumba cha upasuaji Uganda kinunue mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo, ile inayobandikwa kwenye paji la uso na kutoa namba 0 hadi 100 ya kina cha usingizi, ili dawa isizidi. Usingizi wa upasuaji ni 40 hadi 60. Kifaa kizuri, lakini ushahidi wake unayumba. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2013 ulionyesha nafuu. Ule wa Marekani wa 2019, wenye wagonjwa 1,232, haukuiona: waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 26 kwa walioongozwa na mashine, 23 kwa wengine. Na vibandiko vyake ni vya kutumia mara moja. Nani atavilipia hospitali ya wilaya?

Umri tunaujua bure. Kuanzia miaka 40, kiasi cha halotheni au aisoflureni (dawa za usingizi za kuvuta) kinachohitajika hupungua takriban asilimia 6 kila miaka kumi, hivyo jaja (babu au bibi) wa miaka 80 anatosheka na robo tatu na ushei ya kile cha mtu wa 40. Lakini utakuta kidhibiti cha dawa kimeachwa palepale kilipokuwa kwa kijana wa bodaboda! Propofoli, dawa ya usingizi ya sindano, nayo: mzee apewe miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, polepole. Damu yake huzunguka taratibu, dawa huchelewa kufika. Mwenye haraka huongeza dozi ya pili, presha inaporomoka, ubongo unakosa damu. Presha ipimwe kila dakika 5, oksijeni ya kidoleni isishuke chini ya asilimia 94.

Diazepamu ya kumtuliza kabla ya upasuaji tuiache. Pethidini (ya maumivu) na promethazini (ya kichefuchefu na mzio) vilevile, kwani huchafua akili ya mzee. Lakini maumivu yasiachwe, nayo huchanganya: parasetamoli gramu 1 kila saa 6 kwa mwenye zaidi ya kilo 50 na ini zima, ndipo mofini kidogo ikibidi. Akihangaika, kabla ya kumfunga mikono, gusa kibofu. Huenda mkojo umeziba. Pima sukari na oksijeni.

Anayepitwa zaidi ni yule mkimya, anayelala mchana kutwa na kusifiwa kuwa hasumbui. Kumpima akili, mwambie ataje siku za juma kinyumenyume badala ya kumuuliza alizaliwa lini, maana wazee wengi hawajui tarehe yao kamili ya kuzaliwa. Kisha muulize ndugu anayemuuguza: ndivyo alivyokuwa nyumbani? Akisema sivyo, daktari aitwe siku hiyohiyo. Ndugu huyo amrudishie miwani, amtajie mahali alipo, amkalishe kitandani asubuhi. Tusimfukuze wodini saa ya raundi kabla hajaulizwa.

Wahudumu wa dawa za usingizi,
Mbale