Mnunuzi wa nyumba mpya naye apewe kipindi cha matazamio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipindi cha matazamio, yaani muda baada ya makabidhiano ambamo kasoro zinazojitokeza hurekebishwa bila mwenye jengo kulipia. Ni jambo linalowagusa wengi wanaonunua nyumba mpya kutoka kwa waendelezaji milki, yaani wanaojengesha nyumba ili waziuze, hasa sisi tuliotumia akiba ya miaka mingi na mkopo wa benki kupata nyumba moja tu.

Septemba mwaka jana, mimi na mke wangu tulikabidhiwa nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Dar es Salaam. Kiangazi kilikuwa kimekolea, rangi bado inanukia, na kila mlango ulifunga vizuri. Kabla ya kupewa funguo tulisaini karatasi yenye sentensi moja, kwamba tumeipokea nyumba ikiwa katika hali nzuri. Masika ilipoingia, shimo la maji taka lilijaa hadi choo kikagoma kushuka, marumaru za sebuleni zikaanza kutoa mlio wa uwazi ukizigonga kwa kidole, na kwenye kona ya dirisha la chumba cha watoto, chini kidogo ya lenta, ile boriti ya zege inayopita juu ya dirisha, ukafunguka ufa ambao sarafu ya shilingi 200 inaingia bila kusukumwa. Tulipomwendea muuzaji, alitutolea ile karatasi.

Si kila ufa ni hatari. Lipu mpya hutoa nyufa nyembamba kama unywele inapokauka, na si haki kumsumbua muuzaji kwa kila mmoja. Lakini ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka mshazari unaweza kuwa dalili kwamba msingi unatitia upande mmoja, na jambo hilo huenda lisionekane siku ya makabidhiano hata ukija na mhandisi, kwa sababu udongo wa mfinyanzi husinyaa wakati wa ukavu na kuvimba unapolowa.

Serikali inalijua hilo inapojenga kwa fedha zake. Zahanati au daraja likikamilika, mkandarasi halipwi fedha zote papo hapo. Sehemu huzuiliwa, na mradi huingia katika kipindi cha matazamio, mara nyingi cha mwaka mmoja, ambamo kasoro zikijitokeza mkandarasi huzirekebisha kwa gharama zake. Mwendelezaji milki anayempa mkandarasi kazi anaweza kujiwekea kinga hiyo hiyo katika mkataba wao. Anayebaki bila kinga ni mtu wa mwisho, ambaye ndiye aliyelipa bei yote.

Ningenunua jokofu likawa bovu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ingenipa pa kusimamia. Nyumba si bidhaa kwa maana ya sheria hiyo, hivyo mnunuzi hutegemea maneno ya mkataba, na mkataba wetu uliandikwa na wakili wa muuzaji. Ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo inaweza kumchukulia hatua mkandarasi. Sisi hata jina la mkandarasi hatulijui, maana bango la mradi lilikuwa limeshang'olewa tulipofika.

Ninachoomba ni kwamba sheria itamke wazi kuwa kila mkataba wa kuuza nyumba mpya uwe na kipindi cha matazamio kisichopungua miezi 12, ili masika isikose kuwamo, na asilimia 5 ya bei ishikiliwe na benki au wakili aliyekubaliwa na pande zote mbili hadi kipindi hicho kiishe. Kwa kasoro za msingi na nguzo muda huo hautoshi: Ufaransa, mtu anayeuza jengo alilolijenga huwajibika kwa miaka 10 kwa kasoro zinazohatarisha uimara wake. Waendelezaji watasema bei itapanda. Sioni kwa nini, kwa kuwa aliyejenga vizuri atazipata fedha zake zote, ila kwa kuchelewa kidogo.

Wanaokaribia kupokea funguo mwezi huu nawasihi wasisaini karatasi kama yetu bila kuandika juu yake kasoro walizoziona, pamoja na kifungu kwamba zitakazojitokeza ndani ya mwaka mmoja zitarekebishwa na muuzaji. Nyumbani kwetu nilichora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe. Tangu Aprili umeshuka kiasi cha kiganja, na watoto tumewahamishia sebuleni.

Mnunuzi wa nyumba,
Dar es Salaam