Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msimu Tuliocheza Bila Namba Tisa

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, kocha, na ninyi wachezaji mliokaa hapo nyuma,

Nawashukuru kwa kufika. Yapo mambo nitayapita haraka. Hesabu za chama chetu cha mpira wa kikapu Mhazini atazisoma baada yangu. Naomba msikilize hasa kifungu cha nauli, maana ndicho kilichokula fedha kuliko vingine. Timu ikitoka hapa Mbeya kwenda kucheza Iringa inapita Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga, na njia yote hiyo wachezaji wanahitaji kula. Nyufa za uwanja zilizibwa baada ya mvua kukatika. Ringi ya upande wa mlangoni imebadilishwa. Timu ya wavulana imebaki pale ilipokuwa mwaka jana, na kocha wao ataeleza mwenyewe.

Muda wangu uliobaki nataka niutumie kwa jambo moja, kwa sababu limetugawa. Ni timu yetu ya wanawake, na swali ambalo nimeulizwa sokoni Mwanjelwa, kwenye daladala, na hata msibani: je, tumekuwa bora baada ya kuhamwa na Namba Tisa, binti wetu wa jezi namba 9 tuliyekuwa tukimtegemea?

Mnakumbuka ilivyokuwa. Msimu ulipofika katikati, binti yetu aliitwa na timu moja ya Dar es Salaam, akapata na nafasi ya kusoma huko huko. Kamati ilikaa jioni moja tu. Tulimwandikia barua ya kumruhusu bila kudai shilingi, na ingeletwa tena leo ningeisaini. Mechi tatu zilizofuata tulifungwa zote. Ile ya Iringa siisahau. Wakati wa kurudi, gari lilisimama Makambako usiku, kwenye ule ubaridi wake, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyeshuka kununua chai.

Halafu mambo yakabadilika. Kocha aliweka sheria mazoezini: hakuna kudunda mpira, na hakuna kurusha golini mpaka mpira umepita mikono minne. Wiki mbili za kwanza ilikuwa vurugu tupu. Wasichana waliozoea kumpa Namba Tisa mpira na kusimama kumtazama walijikuta wanashika mpira bila kujua waupeleke wapi. Taratibu wakaanza kutazamana. Yule mdogo anayecheza nafasi ya kugawa mpira, ambaye mwaka mzima nilikuwa sijasikia sauti yake, akaanza kuwaita wenzake kwa majina. Tukashinda mechi, tukashinda nyingine, na tulipowakaribisha hao hao wa Iringa hapa nyumbani tukawafunga.

Siku hiyo, mechi ikiwa tayari mikononi mwetu, nilimsikia mwanachama mmoja akisema kwa sauti: "Afadhali ameondoka, alikuwa anatuziba." Mama yake Namba Tisa alikuwa ameketi ukutani, hatua tatu kutoka pale. Alikuwa amekuja kuwashangilia watoto wa wenzake. Aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka kabla mechi haijaisha.

Ndugu zangu, kwa sababu ya mama yule nimeona nisilimalize suala hili kwa sentensi mbili.

Wanaosema hivyo hawakulibuni. Marekani wana jina lake kabisa, wazo hili kwamba timu hucheza vizuri zaidi nyota wake akiondoka: wanaliita nadharia ya Ewing. Mwaka 1999 New York Knicks waliingia hatua ya mtoano wakiwa wa nane upande wa mashariki. Walipokuwa wanapambana na Indiana, nguzo yao Patrick Ewing aliumia mshipa wa kisigino akatoka kabisa. Bila yeye waliwatoa Indiana na kufika fainali ya NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Hadithi huwa inaishia hapo, lakini fainali ilikuwepo na ilichezwa. Walikutana na San Antonio yenye Tim Duncan na David Robinson, warefu wawili chini ya goli, wakafungwa mechi nne kwa moja. Pengo la Ewing lilionekana palepale alipokuwa anasimama.

Mfano ulio karibu zaidi na mioyo yetu ni Memphis. Wengi wetu tulianza kuifuatilia timu ile mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia NBA mwaka ule, Mtanzania wa kwanza kufika pale. Tulikuwa tunaamka alfajiri kuangalia matokeo. Februari 2011 mfungaji wao mkubwa, Rudy Gay, aliumia bega na msimu wake ukaisha. Mwezi huo huo Thabeet alipelekwa Houston, na Shane Battier akaja Memphis. Nakiri niliacha kuwafuatilia kwa hasira. Kumbe Memphis hao, wakiwa wa nane, wakawatoa San Antonio walioongoza upande wa magharibi kwa ushindi wa mechi 61. Na katika mechi ya kwanza ya mfululizo ule ni Battier aliyetupia pointi tatu za mwisho mwisho zilizoamua.

Je, Memphis waliponywa na kuumia kwa Gay? Tazameni waliobaki. Zach Randolph na Marc Gasol walikuwa tayari wapo chini ya goli, na sasa mpira ukawa unawafikia mara nyingi zaidi. Mike Conley alikuwa anaugawa, Tony Allen alikuwa anakaba kama mtu aliyeibiwa. Na Battier alikuwa ameongezwa. Nyumba ile ilikuwa na nguzo nyingine kabla ya ile moja kuondoka.

Denver ni hivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 2011 walimwachia nyota wao Carmelo Anthony aende New York, na baada ya hapo wakashinda mechi 18 wakapoteza 7. Lakini katika mabadilishano hayo walipokea wachezaji kadhaa wa kucheza kweli kweli. Hawakuondokewa na mtu wakabaki na kiti kitupu.

Na asiyekuwa na nguzo nyingine? Cleveland msimu wa 2009/10 walishinda mechi 61. Nyota wao LeBron James alipokwenda Miami, msimu uliofuata walishinda 19, na katikati yake walipoteza mechi 26 mfululizo. Timu ile ilikuwa imekusanywa kumzunguka mtu mmoja: yeye aingie, wengine wasubiri pembeni. Niliposoma habari zao nilishtuka, maana niliiona timu yetu ya mwanzoni mwa msimu.

Wapo pia waliokuja kwangu na mfano wa Chicago, kwamba Michael Jordan alipostaafu mara ya kwanza timu ilitoka ushindi wa mechi 57 hadi 55 tu, kwa hiyo mtu mmoja si kitu. Nami nawajibu kwamba mwaka ule hawakuchukua ubingwa, na aliporudi kwa msimu mzima walishinda mechi 72 na kulichukua kombe mara tatu mfululizo.

Sasa turudi kwetu. Nimekaa na daftari la matokeo la Katibu jioni tatu. Pointi zetu kwa mechi hazikuongezeka baada ya Namba Tisa kuondoka. Zilipungua kidogo. Kilichopungua zaidi ni pointi tunazofungwa. Wenye macho ya mpira wanajua kwa nini: zamani akikosa goli, wenzake walikuwa wamesimama wanamtazama, na wapinzani walitupita mbio. Siku hizi kila aliyerusha na ambaye hakurusha wanarudi kukaba. Kocha naye anabadilisha wachezaji bila hofu ya kelele zetu za pembeni, hivyo robo ya nne inawakuta wasichana bado wana pumzi.

Lakini daftari hilo hilo linasema mambo mengine mawili ambayo hatupendi kuyasikia. La kwanza, mechi nyingi tulizoshinda zilichezwa hapa hapa. Sisi tumezoea kukimbia kwenye mita takribani 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgeni anayetoka ukanda wa chini anaanza kuhema mapema. La pili, wapinzani walikuja wakiwa wamejiandaa kumkaba mtu ambaye hayupo. Walipanga wawili wawili wa kumzuia Namba Tisa, wakakuta watano wasiowajua. Msimu ujao watakuwa wanawajua.

Kwa hiyo jibu langu, na natamka kama Mwenyekiti ili liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: hatukuwa bora kwa sababu ameondoka. Tulikuwa bora kwa sababu tulilazimika kufanya mazoezi ambayo tungepaswa kuyafanya akiwa bado yupo. Namba Tisa hakumziba mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akipewa mpira kila mara na watu wazima tukipiga kelele "Mpe Tisa! Mpe Tisa!" kutoka ukutani. Nilikuwa mmoja wao. Angefanya nini kama si kurusha? Tuliijenga timu juu ya mabega ya binti mmoja, na alipopata riziki yake tukataka kumfanya yeye ndiye kosa.

Kamati imekubaliana yafuatayo. Ile sheria ya pasi nne inabaki, kwa timu zote mbili na kwa watoto wa Jumamosi. Kila mchezaji atafundishwa kupeleka mpira mbele, hata warefu. Barua za kuruhusu wachezaji kwenda timu nyingine zitaendelea kutolewa bila malipo. Mzazi asiogope kumleta mtoto mwenye kipaji kwa kudhani tutamfunga kamba. Na tumeanza kutafuta mechi za kirafiki za ugenini mapema, Iringa na Njombe, kabla ya ligi, ili tujue ukweli wetu tukiwa mbali na ukuta wetu. Hapo ndipo suala la nauli linaporudi, na nitawaomba mchango.

Kuna lililobaki. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa mama yake Namba Tisa pamoja na Katibu na nahodha wa timu, tukaomba radhi kwa niaba ya chama. Alitupokea vizuri, akatupikia. Alisema binti atakuja likizo ya Desemba na angependa kufanya mazoezi na wenzake, ila anaogopa atapokelewaje. Nilimwambia aje. Nahodha akaongeza kwamba atakapokuja naye atapiga pasi nne kama wengine, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Jezi namba 9 hatukuitundika ili isivaliwe tena. Iliombwa na msichana wa kidato cha pili, na Namba Tisa mwenyewe aliridhia kwa simu.

Mazoezi yanaanza Jumatatu saa kumi jioni. Namkaribisha Mhazini.