Sasheti za miche zinazopasuka kabla ya kujazwa: tuelewane

Wiki iliyopita Papa mmoja wa Kabare aliingia kwenye karakana yetu ya kukata sasheti, hapa Kadutu mjini Bukavu, na fungu la sasheti begani, akalitupa juu ya meza ya kukatia. “Mama, mumenikulia makuta, pesa yangu! Wezi!” Alilipia sasheti elfu tano za miche ya kahawa mwezi wa tatu. Mwezi wa nane, siku ya kujaza udongo, vijana wake wakishika sasheti mdomoni inawabakia mkononi kama ganda la kitunguu. Ni mteja wa nne mwaka huu kuniletea lawama hiyo, na neno “wezi” limeniuma.

Nilifungua fungu mbele yake. Za juu zilikuwa nzima. Nilishika moja upande huu, yeye upande ule, tukavuta, haikupasuka. Za chini zilikuwa zimepauka, zina mstari wa udongo mwekundu na harufu ya ukungu. Nikamuuliza zililala wapi. Chini, kwenye sakafu ya udongo, zimeegemezwa ukutani, mvua zote za masika.

Sasheti zetu si plastiki nyeusi. Wanga wa mimea unageuzwa sukari, sukari inachachushwa iwe asidi ileile ya maziwa yaliyochachuka, kisha asidi hiyo inaunganishwa minyororo mirefu: ndiyo polima yetu. Ndani yake mna nyuzi za selulosi, kitu kilekile kinachosimamisha mgomba. Huwezi kuziona. Unene wake hauzidi nanomita 100, mpaka upange mia kadhaa bega kwa bega ndipo ufikie unywele mmoja. Udongo uliolowa unapovuta sasheti, nyuzi hizo zinabeba mzigo kama fito ndani ya ukuta wa udongo.

Lakini selulosi inapenda maji. Uzi unaotupa nguvu ndio unaokaribisha unyevu. Maji yanakata minyororo ya polima vipande vifupi, na vijidudu vya udongo vinamalizia. Tunataka hayo yatokee ndani ya shimo la kahawa, mzizi ukiwa unatafuta njia ya kutoka. Depo yenye maji inayaanzisha miezi mitano mapema. Ndiyo maana nasema kila siku: nunua za kujaza mwezi huu, ziweke juu ya mbao, mbali na ukuta na jua. Watu wananunua za mwaka mzima ili waokoe nauli ya safari moja, halafu wanalipa sasheti mara mbili.

Samadi mbichi nayo ni kosa jingine la haraka. Mama mmoja wa Katana alitaka miche ikue upesi, akajaza samadi ya ng’ombe ikiwa bado inatoa moshi. Rundo la namna hiyo likichemka linaweza kufika digrii 60, na hapo ndipo polima hii inapoanza kulegea. Sasheti zilimwaga matako yote. Samadi iive kwanza, ipoe, ndipo uichanganye.

Kuhusu bei: ndiyo, ni karibu mara tatu ya sasheti nyeusi. Rolo ya polima tunayokatia sasheti inasafiri mbali na lazima ifike kavu; tunachoma mshono mmoja mmoja na kila mia tunapasua moja kuijaribu. Na mifuko ya plastiki ilikatazwa hapa Kongo kwa amri ya Desemba 2017. Zile za bei nafuu zilizoandikwa “inaoza”, nyingi ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuimeng’enya vipande. Ulaya walizipiga marufuku Julai 2021. Nimewahi kung’oa kahawa ya miaka miwili kisiwani Idjwi iliyopandwa na sasheti ya namna hiyo: mzizi umejizungusha kama kamba ya ndoo, vipande vyeusi vimeng’ang’ania katikati. Shamba lote lile lilipandwa upya. Na vinavyosombwa na mvua vinashuka Ziwa Kivu, vinakwenda kuziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi, kisha sisi wote tunakaa gizani.

Papa wa Kabare sikumrudishia makuta. Tulikaa naye chini tukachambua fungu lote, sasheti kwa sasheti, hadi jioni. Nzima zilikuwa elfu mbili na mia tisa. Badala ya zilizoharibika nilimkatia mpya kwa bei ya rolo bila kuhesabu kazi. Sasa anachukua mia tano kila Ijumaa, na rolo yake inalala kwangu, juu ya mbao.