Ukitaka kuwaelewa Wagiriki wa leo, anza na 1922

Nea Ionia, Athens
Machi

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo wewe, mama hajambo, na watoto je? Mimi mzima, alhamdulillahi. Barua yako imenifikia na swali lako limenikaa kichwani tangu nilisome. Umesema umepewa kufundisha habari za Ugiriki, vitabu ulivyo navyo vyote vinaishia kwa Socrates na Alexander, na wanafunzi wanakuuliza Wagiriki wa leo ni watu wa namna gani. Wanafunzi wako wana akili. Hapa kwenyewe watalii wanapanda Acropolis, kile kilima cha magofu ya kale, wanapiga picha, wanashuka, wanakwenda zao Santorini, na hawajui hata mwenye duka la jirani na hoteli yao asili yake ni wapi.

Ningekuwa mimi darasani, Acropolis ningeiacha kwanza. Ningeanza na Septemba 1922.

Mwezi huo mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir ya Uturuki, uliungua. Jeshi la Ugiriki lilikuwa limeshindwa vita huko Anatolia, sehemu ya Uturuki iliyoko Asia, na Wakristo wa mji ule wakajazana gatini, moto nyuma, bahari mbele. Januari 1923, mjini Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zikatia saini makubaliano ya kubadilishana watu: Wakristo wa Kiorthodoksi wa Uturuki waende Ugiriki, Waislamu wa Ugiriki waende Uturuki, atake asitake. Waliokuja huku, wengi wao wakiwa wamekwishakimbia kabla hata ya saini, walikuwa kama milioni moja na laki mbili, katika nchi yenye watu milioni tano hivi. Waliokwenda kule walikaribia laki nne.

Tena kipimo kilikuwa dini, wala si lugha. Waislamu wa Krete waliokuwa wakizungumza Kigiriki walipelekwa Uturuki. Wakristo wa Anatolia ya ndani, waliozungumza Kituruki na kukiandika kwa herufi za Kigiriki, waliletwa hapa, na wenyeji wakawaita Waturuki. Jambo hili linaniuma kwa pande zote mbili, Zuhura, na ningependa wanafunzi wako walijue, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini watu hawa wanapenda nyumba kiasi hiki.

Mtaa ninaokaa umezaliwa na msiba huo. Kila unapoona jina linaanza na Nea, yaani mpya, kwenye ramani ya Athens, Nea Ionia, Nea Smyrni, Nea Filadelfeia, jua hapo walitua wakimbizi wakaupa mtaa jina la kwao. Hata mpira wao una historia hiyo: timu ya AEK iliundwa 1924 na wakimbizi waliotoka Istanbul, na PAOK ya Thessaloniki ikafuata 1926. Mama wa bibi ninayemhudumia aliletwa na meli akiwa mtoto, akakulia hapa hapa na kufanya kazi kwenye kiwanda cha mazulia. Bibi mwenyewe Smyrna hakuzaliwa, lakini ukimsikia anavyoitaja utadhani ametoka juzi.

Siku za Jumapili anakaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko ananiongoza kupika soutzoukakia. Nyama ya kusaga, kitunguu saumu, mkate uliolowekwa, halafu bizari nyembamba. Nyingi! Tunafinyanga vidole vya nyama, tunakaanga kidogo, tunamalizia kwenye rojo la nyanya. Wenyewe hutia divai, kwangu haimo, bibi ameitoa mwenyewe bila kuambiwa. Harufu inayotoka pale ni ya jikoni kwenu Ngamiani. Wagiriki wa bara zamani hawakuzoea viungo hivi. Ni wakimbizi waliovieneza.

Sasa nyumba. Wakimbizi walianzia kwenye mahema, vibanda vya mabati na vijumba vya serikali. Halafu ikaja vita kuu ya pili, ikafuata vita ya wenyewe kwa wenyewe hadi 1949, na watu wa vijijini wakamiminika Athens. Serikali haikuwa na uwezo wa kuwajengea wote. Watu wakabuni njia yao. Mwenye kiwanja na kijumba chake anamwachia mkandarasi kiwanja. Mkandarasi anapandisha ghorofa tano au sita. Mwenye kiwanja analipwa fleti, mbili au tatu, kwa ukubwa wa kiwanja, na zilizobaki mkandarasi anaziuza, mara nyingi hata jengo halijaisha. Fedha taslimu haipiti kati yao. Kwa mtindo huo, miaka ya 1950 hadi 1970, karibu mji mzima ulijengwa upya. Wageni husema Athens ni zege tupu. Mimi kila nikiziangalia zile baraza zenye maturubai na mitungi ya maua naona watoto wa watu waliopoteza kila kitu ambao sasa wana hati mkononi. Hadi leo takribani Wagiriki saba katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba yao wenyewe.

Jengo letu ni hivyo hivyo. Bibi yuko ghorofa ya kwanza, mwanawe ya tatu, mjukuu wa kike amepewa chumba na sebule kule chini. Mchana bibi akishaonja chakula akaridhika, naweka sufuria ndani ya lifti, nabonyeza namba tatu, nafunga mlango, kisha bibi anapiga simu: "Ipokeeni!" Sufuria inapanda peke yake.

Wakati wa dhiki ya uchumi sufuria hiyo ndiyo iliyowaokoa. Nchi ilianza kukopeshwa na wenzake wa Ulaya mwaka 2010 kwa masharti makali. Uchumi ukasinyaa kwa robo nzima. Mwaka 2013 wasio na kazi walipita asilimia 27, na kwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu. Mwana wa bibi alipoachishwa kazi, ghorofa zote tatu zikala kwa pensheni ya bibi, ambayo nayo ilikuwa imekatwa mara kadhaa. Mwishoni mwa Juni 2015 benki zikafungwa, na kila mwenye kadi akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Foleni zilizunguka mtaa. Watu walisimama kimya, wazee wakishikwa mkono na wajukuu. Magazeti ya Ulaya yaliwaita wavivu, na mimi niliyeishi nao nasema hilo ni dhuluma.

Jeraha lingine bado halijapona: vijana waliondoka kwa mamia ya maelfu, wengi wao madaktari na wahandisi, wakaenda Ujerumani na kwingineko. Sensa ya 2021 ilipata watu kama milioni 10.5, pungufu kuliko ile ya 2011. Vifo kwa mwaka vinakaribia mara mbili ya vizazi. Huko milimani, na nchi hii sehemu kubwa ni milima, shule zinafungwa kwa kukosa watoto, na zaidi ya theluthi moja ya watu wote wamejazana mkoa huu wa Attica. Visiwa ni kama 6,000 ukihesabu na miamba, ila vyenye watu havifiki 250. Kimoja, Kastellorizo, kiko kilomita mbili tu kutoka Uturuki na zaidi ya 500 kutoka Athens. Mwambie mwanafunzi akitafute kwenye ramani, atashangaa.

Umeniuliza pia kuhusu sisi Waislamu. Hapa mjini kwa miaka mingi tuliswali kwenye vyumba vya chini ya majengo. Msikiti rasmi wa Athens, wa kwanza tangu enzi za Waturuki, ulifunguliwa Novemba 2020 mtaa wa Votanikos. Hauna mnara. Ila kule kaskazini mashariki, Xanthi na Komotini, misikiti ya zamani ipo na adhana inasikika, kwa sababu Waislamu wa Thrace, jimbo hilo, hawakuguswa na yale makubaliano ya 1923. Tena karibu na Xanthi kuna kijiji kinaitwa Avato, wapo watu weusi kama mimi na wewe, Waislamu, raia wa Ugiriki, vizazi vya Waafrika walioletwa utumwani zama za dola ya Waturuki wa Ottoman. Habari zao hazimo kwenye kitabu chochote cha shule nilichowahi kukiona. Wafundishe wewe.

Na wapo wapya. Giannis Antetokounmpo, yule wa mpira wa kikapu, alizaliwa hapa Athens 1994 kwa wazazi Wanigeria, akasoma hapa, akachezea hapa, na uraia hakuupata hadi 2013, alipokuwa karibu kwenda Marekani. Mwaka 2015 ikapitishwa sheria inayowafungulia njia ya uraia watoto wa wageni wanaosoma shule za hapa. Wengine bado wanasubiri makaratasi.

Uhusiano wetu nao usiusahau. Wazee wa Tanga watakwambia habari za mabwana shamba wa Kigiriki kwenye mkonge. Wengi waliondoka baada ya Azimio la Arusha, mashamba yalipotaifishwa. Na ule ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, una jina la Mgiriki aliyetoa fedha za kuujenga.

Kuhusu safari yako: Agosti usije. Joto hupita nyuzi 40, na ikikaribia tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, Athens nzima imehamia vijijini na visiwani, na pepo za meltemi zikikaza boti hazitoki bandari ya Piraeus. Njoo Aprili, tena Pasaka yao ikiangukia humo itakuwa vizuri zaidi. Usiku wa manane taa za kanisa huzimwa, padri anatoka na mshumaa mmoja, na moto unapita mkono kwa mkono hadi uwanja mzima unawaka. Mimi husimama nje nikimshikilia bibi. Kisha kila mtu anarudi na moto wake, anachora msalaba wa moshi juu ya mlango wa nyumba.

Na sokoni, tafadhali, ukitaka nyanya tano usimwonyeshe muuzaji kiganja kilicho wazi na vidole vimetanuka. Hapa hilo ni tusi kubwa. Geuza kiganja kikutazame wewe. Na mtu akiinua nyusi na kichwa juu, akapiga ulimi "ntsk", amesema hapana, usiendelee kungoja jibu.

Picha za majengo ya mtaani nitakutumia kwa simu wiki hii, zile za zamani za vibanda bibi amekubali nizipige. Niambie tu unazihitaji lini darasani. Msalimie sana mama, mwambie bado namdai ile kanga.

Wako,
Mwanaidi