Barua kwa mwanangu: angalia nyuma ya wanaozungumza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Makadara. Sote wazima, na nyanyako anakuulizia kila jioni. Bahasha hii nzito imejaa vibonzo nilivyokata magazetini tangu nikiwa msichana. Uliniuliza Nairobi ilikuwaje kabla hujazaliwa, na albamu yetu haitakujibu. Mle kila mtu amevaa nguo za Krismasi na kusimama wima studio. Mji wenyewe umo humu.

Ukishacheka, waache wanaozungumza, uangalie nyuma yao. Chukua kile kipande kilichochanika pembeni, kisicho na jina la mchoraji. Bwana wa suruali pana miguuni na viatu vya soli nene anabishana na makanga kuhusu nauli. Nyuma yake basi la ghorofa la kampuni ya KBS limeinama upande kwa uzito wa abiria. Mama amebeba kiondo mgongoni, ukanda umemkaza kwenye paji la uso. Fundi viatu kainamia kazi yake chini ya baraza, na kwa mbali askari wa kanju, yaani wa baraza la jiji, anamkimbiza mchuuzi. Nani angempiga picha fundi viatu siku hizo? Filamu ilikuwa ghali, na wapigapicha wa magazeti walitumwa kwa mawaziri.

Kwetu ukurasa wa kwanza kufunguliwa katika Taifa Leo ulikuwa wa kibonzo cha Juha Kalulu, wake Edward Gitau, mzee aliyemchora kwa miongo kadhaa. Kisha mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja kufundisha sanaa akalowea, wakaanzisha jarida la Joe. Mwaka huohuo jumba la mikutano la KICC lilifunguliwa, na Mzee Kenyatta akaziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni. Mji ulikuwa ukibadilika mbele ya macho yetu, na Joe likachukua mtu wa kawaida, wa mshahara mdogo, likamfanya ndiye habari. Lilikufa 1979. Kwenye Daily Nation alikuja Bogi Benda wa James Tumusiime, Mganda. Mchoraji Frank Odoi naye alitoka Ghana, akaufanya mji huu wake, hadi ajali ya matatu ilipomuua hapahapa Nairobi mwaka 2012. Kifo hicho kiliniuma sana.

Usishangae kutomwona rais humo. Kabla ya vyama vingi kurudi 1991, kumchora mkubwa kulikuwa hatari, hivyo kalamu zikabaki kwenye baa, foleni za basi na madeni ya mwisho wa mwezi. Woga ule ndio uliotuachia kumbukumbu hii ya watu wadogo.

Lakini soma kwa macho yako. Wanawake hatukutendewa haki katika vingi vya vibonzo hivyo. Utakuta mke mgomvi, au binti aliyekuja mjini kula mshahara wa mwanamume. Mimi niliwajua wanawake wa mji huu: walioamka saa kumi usiku kwenda sokoni kuchukua sukuma wiki, waliopiga taipu ofisini mchana kutwa kisha wakarudi nyumbani kuwasha jiko. Wanaonekana, ndiyo, ila wako nyuma, wadogo, bila maneno mdomoni. Watafute huko.

Nawe unachora. Nimeona kazi zako kwenye simu ya dadako, na mkono unao. Ila watu wako wamesimama kwenye karatasi tupu. Watilie kibanda cha M-Pesa, bodaboda amelala juu ya pikipiki yake, mitungi ya maji ya mtaa wetu, bei ya unga ubaoni.

Makaratasi haya yasipigwe jua wala kubandikwa kwa gundi. Yapige picha kwanza, moja moja, ndipo uwaonyeshe wenzako. Ukija likizo tutakwenda Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, tuombe magazeti ya miaka ile, tumtafute aliyechora kile kipande kisicho na jina.

Mimi mamako akupendaye.