Kamati za vyeo zisome makala, zisihesabu majarida

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wenzangu wa vyuo vya elimu, hasa wahadhiri wasaidizi walioajiriwa juzijuzi, kuhusu jambo ambalo vikaoni tunaligusa juujuu tu: makala ya utafiti wa elimu ipelekwe jarida gani.

Mialiko haikauki kwenye barua pepe yangu. Mmoja wa mwezi huu uliniita "Profesa Mtukufu" (uprofesa sina) na kunipongeza kwa mchango wangu katika sayansi ya udongo. Mimi ninafundisha mbinu za kufundishia kusoma na kuandika madarasa ya chini. Jarida lenyewe ni la "kimataifa", toleo moja limebeba elimu, uhandisi na uuguzi, majibu ni ndani ya siku tatu, na ada ya kuchapishiwa ni kwa dola. Siku tatu! Mpitiaji, yaani msomi anayeikagua makala kabla haijachapishwa, mwenye vipindi vya kufundisha na mitihani ya kusahihisha, ataisoma saa ngapi?

Vijana wakiona ISSN wanatulia. Ile ni namba ya utambulisho yenye tarakimu 8, hata jarida la mitindo ya nguo hupewa. Heri uanzie DOAJ, orodha ya majarida ya wazi (yanayosomwa bure mtandaoni) iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, au AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Kisha soma makala kadhaa za jarida unalolitaka, na umwandikie mjumbe mmoja wa bodi ya wahariri. Wapo ambao hawajui kabisa kwamba majina yao yamewekwa humo.

Lakini kukwepa matapeli ni nusu ya kazi. Swali ninalowauliza wanafunzi wangu wa uzamili ni: nani ataisoma? Ukichunguza namna watoto wa darasa la pili wanavyofundishwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kisha ukaufungia utafiti huo kwenye jarida la Ulaya ambalo msomaji hulilipia, afisa elimu kata hatauona, wala mkufunzi wa chuo cha ualimu. Papers in Education and Development ya Shule Kuu ya Elimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingemfikia msomaji huyo kwa urahisi zaidi. Sidharau la nje. Kama utafiti wako una jambo la kuwaambia watu wa nchi nyingine, International Journal of Educational Development ni mahali pazuri. Ila kama unataka makala iwe wazi kwa wote, uliza habari ya msamaha wa ada kabla ya kutuma. Tangu Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotuhesabu katika uchumi wa kati wa chini, wapo wachapishaji wanaotupa punguzo tu, na salio la dola utalitafuta mwenyewe.

Kinachowaponza vijana ni kamati zetu za kupandisha vyeo. Likionekana neno "kimataifa" kwenye jalada, alama zinawekwa, makala haifunguliwi. Napendekeza mwombaji aambatishe maoni ya wapitiaji pamoja na makala yake. Aliyepitiwa kweli anayo, tena kwa kawaida ni marefu kuliko alivyopenda.

Mhadhiri wa Elimu,
Morogoro