Binamu, matairi makubwa yangoje

Binamu yangu wa Pangani,

Shangazi hajambo? Mwambie nazi zimefika, na deni lake nalikumbuka. Nitalipa mwisho wa mwezi, kama nilivyosema mwezi uliopita na ule wa kabla yake.

Picha zako sita za ile pikapu unayotaka kuinunua nimezipata. Ya kwanza redio. Ya pili bampa la mabomba. Ya tatu wewe umeegemea mlango kama bwana harusi. Ya nne na ya tano taa za juu ya paa. Ya sita matairi ya inchi 31 uliyoyaona dukani, na chini yake umeniuliza, "Yatakaa?" Hakuna hata picha moja ya chini ya gari. Na mwenye gari, kwa maneno yako mwenyewe, alikuwa akibebea samaki. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia, tena hadharani, maana hauko peke yako. Kila mchezo wa upatu unapovunjwa, kuna mtu Tanga hii anaamka na pesa mkononi na hamu ya pikapu kuukuu. Basi jifunzieni mfukoni mwangu, umeshatoboka hata hivyo.

Yangu unaijua. Hilux namba A, injini ya dizeli inayoitwa 2L, cc 2446, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kizazi hicho cha Hilux kilianza kutoka mwaka 1988, kwa hiyo ziko barabarani ambazo zinamzidi umri mdogo wako wa mwisho. Nguvu zake ni farasi themanini na kidogo. Hesabu hiyo iweke kichwani, nitairudia. Niliinunua ibebe saruji ya duka la mke wangu pale Pongwe, na siku ile ya kwanza sikujua difu ni ipi na gia boksi ni ipi. Fundi akiniambia "hii bushi imekufa", natikisa kichwa kama mtu aliyehudhuria mazishi.

Nikafanya yale yale unayotaka kufanya wewe. Wiki ya pili nilikwenda kwa fundi springi, akaniongezea majani mawili kila upande wa nyuma ili pikapu inyanyuke. Nikavalisha matairi ya 31. Nikafunga taa nne juu. Ikapendeza, wallahi. Watoto wa Pongwe wakaipa jina ambalo siwezi kuliandika hapa, shangazi anaweza kusomewa.

Mwezi ule ule nikapata mteja wa Amani. Mifuko kumi na minane ya saruji, kilo 50 kila mmoja, yaani kilo 900. Mpaka Muheza nilikuwa naimba. Njia ya vumbi mpaka Kisiwani, bado naimba. Baada ya Kisiwani mlima unaanza, na Amani yenyewe iko mita 900 hivi juu ya bahari uliyoiacha asubuhi. Gia ya pili, ambayo awali ingepanda pale bila maneno, ikaanza kukoroma. Sikuelewa. Leo naelewa: tairi kubwa ni kama kurefusha kila gia ya gari. Kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi, na injini ndiyo inayolipa tofauti. Ikiwa zilizotoka kiwandani ni saizi ya 205R16 na wewe umevaa 31, mshale wa mwendo ukisema 80 barabarani uko karibu na 85, na mlimani una gari zito lenye farasi wale wale themanini na kidogo. Hawakuongezeka hata mmoja kwa sababu ya taa za paani.

Kona ya nne au ya tano nikasikia harufu tamu ya moto, kisha mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Mshale wa joto ulikuwa umeegemea juu kabisa, sijui tangu lini, nilikuwa natazama mabonde. Nikazima. Nikakaa saa nzima na zaidi chini ya mti, mbega wananichungulia kutoka juu, maana jambo moja nililokuwa nalijua ni kwamba rejeta, yaani tangi la kupozea maji ya injini, haifunguliwi ikiwa ya moto. Injini za 2L zina sifa mbaya hapo: zikichemsha, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, hupasuka. Yangu haikupasuka. Sina maelezo, ila dua za mama.

Ilipopoa nikafungua mfuniko wa rejeta, nikaugeuza. Binamu, nataka uuone. Juu umeandikwa 0.9. Chini kuna mpira mdogo wa duara, na mpira ule ulikuwa umekauka na kupasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta ya nazi. Ile 0.9 ni mgandamizo ambao mfuniko unatakiwa kuuzuia ndani. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa kiasi hicho hayachemki mpaka yakaribie 118. Mpira ukifa, zile nyuzi kumi na nane umezipoteza, na unazipoteza mlimani, ukiwa na mzigo. Mfuniko mpya ni bei ya wali samaki na soda. Mimi pesa yangu ilikuwa juu ya paa, ikimulika.

Baadaye fundi wa Muheza alifungua sehemu ya themostati, akakuta patupu. Mwenye gari wa kabla yangu, au fundi wake, aliitoa. Utawasikia wengi: "Pwani kuna joto, themostati ya nini?" Usiwakubalie. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka yafike nyuzi themanini na ushei, ndipo ifungue njia ya kwenda kwenye rejeta. Na katika injini nyingi za namna hii, ikifungua huku, inaziba kule kwenye njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupozwa. Ukiitoa, asubuhi injini inachelewa kupata joto na kula dizeli, na mlimani sehemu ya maji inapita njia ya mkato hata rejeta haiioni. Yaani mtu alitoa dawa ili kuponya ugonjwa.

Nilifika Amani jioni. Kesho yake, kwa kuwa gari halirudi tupu, nikapakia ndizi, magimbi na mafungu ya mdalasini, nikaanza kushuka. Hapo nikakutana na sura ya pili ya kitabu. Nakanyaga breki, kanyagio liko gumu vizuri tu, lakini mzigo unanisukuma. Mbele panainama, nyuma kama hapahusiki. Nusu ya njia moshi unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Nikaweka gia ya kwanza, nikashuka nayo mpaka chini huku bodaboda zikinipita, mmoja amebeba kitanda.

Mafundi wawili walibadili breki pedi, wakapokea pesa, hali ikabaki ile ile. Wa tatu, mzee mmoja hapa mjini asiyekuwa na kibao wala ovaroli, alilala chini ya gari dakika mbili, akaniita nilale naye. Akanionyesha kwa ncha ya spana kimkono chembamba cha chuma, upande mmoja kimeshika ekseli ya nyuma, upande wa pili kinaingia kwenye kivalvu kilichofungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chini ya gari. "Huyu ndiye mpima mzigo," akasema. Gari likipakiwa nyuma hushuka, kimkono huinuka, kivalvu kinapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Likiwa tupu kinazipunguza, ili magurudumu ya nyuma yasigande ukateleza. Sasa mimi nimeongeza springi. Nyuma imenyanyuka, na hata nikipakia kilo 900 haishuki kama zamani. Kivalvu kinaamini siku zote kwamba sijabeba kitu. Nililipa kwa hiari yangu kulidanganya gari langu mwenyewe.

Yale majani mawili niliyatoa. Yako nyuma ya duka, kuku wanalala juu yake.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja: mwaka wa kwanza usiongeze kitu. Tafuta kilichotolewa, ukirudishe. Pikapu ya umri huu imepita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja ameacha ujanja wake, waya uliofungwa kwa mfuko wa nailoni, bolti isiyo ya pale. Wewe kwanza ujue gari lilivyokuwa. Kulipamba kutakuja.

Sasa hilo la samaki. Maji ya barafu yanayotoka kwenye masanduku ya samaki yana chumvi, na yanapenya matundu ya bodi na kudondokea pale pale kila siku: juu ya chesisi, usawa wa ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikia. Hewa ya bahari inakula bodi taratibu na utaiona. Maji ya samaki yanakula uti wa mgongo na hutayaona, kwa kuwa rangi nyeusi ni rahisi na puti inajaza tundu lolote. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia ngʼaa. Kilichooza kinajibu pwa, kama papai. Gonga pia juu ya chesisi, si ubavuni tu. Mchanga na chumvi hukaa juu. Kama amepaka oili chafu chini kote, hilo peke yake si kosa, wengi wetu tunapaka, ingawa oili inalainisha bushi za mpira. Lakini ifute kidogo kwa tambara uone imefunika nini.

Ukiwa chini huko, nenda kwenye gurudumu la mbele la kulia. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma karibu na hapo. Isugue kwa brashi, uilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi. Kutu ikiila namba hiyo, siku ya kubadili jina utaipata habari yake. Namba ya injini pia ilinganishe, maana injini za magari haya huhama sana. Na rangi: kama kadi inasema nyeupe na gari ni bluu, kadi ilitakiwa kurekebishwa, na wa kuhangaika sasa utakuwa wewe. Faini za trafiki nazo zinafuata namba ya gari, si mtu aliyekuwa akiendesha. Alipe yeye kabla hujalipa wewe.

Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Kwenye dizeli hizi kuna taa imeandikwa T-BELT. Inawaka gari likifika kilomita 100,000 kukwambia taimingi belti, mkanda unaopanga valvu ziende sawa na pistoni, ibadilishwe. Kwangu haikuwaka, nikafurahi. Baadaye tulipofungua dashibodi tukakuta nyuma ya taa ile kipande cha utepe mweusi, kimebandikwa kwa ustadi mkubwa. Belti hiyo ikikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo injini unaifungua yote. Kwa hiyo usiulize "ilibadilishwa lini?" Utajibiwa vizuri sana. Wewe chukulia haijabadilishwa, weka mpya wiki ile ile, andika kilomita kwenye daftari. Oili kila kilomita 5,000, andika. Filta ya dizeli ina kizibo chini na pampu ya mkono juu. Legeza kizibo, pampu mara chache, kinga kwenye chupa ya wazi uache itulie. Maji yatakaa chini na dizeli juu. Mara ya kwanza nilipata karibu robo ya glasi. Nikamwonyesha mke wangu kwa fahari kana kwamba nimevua.

Sikatazi kila kitu. Yapo niliyoongeza baadaye na sijuti. Rilei za taa za mbele, yaani swichi ndogo zinazozipa taa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa sababu umeme wa taa ulikuwa ukipita kwenye swichi ya miaka thelathini na kufika umechoka. Sasa usiku naona, na zile nne za juu sijaziwasha tangu hapo. Vyuma vya kushikia turubai, saruji haipendi mvua ya vuli. Na sakafu ya bodi: fundi wa mitumbwi wa Sahare alinipangia mbao, akaacha mwanya wa kidole kati ya ubao na ubao ili maji yapite na hewa ipite. Nilimuuliza kwa nini hazibani kama za mtumbwi. Akanitazama. "Kwani hii unataka ielee?"

Basi usimpe mtu pesa ya kishika uchumba bado. Jumamosi nakuja, na nyundo. Mwambie muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo hata kwa dakika moja. Nataka niweke mkono kwenye injini nikute ni ya baridi, ndipo tuliwashe pamoja na tutazame rangi ya moshi. Akikataa, tutakuwa tumeshajibiwa, tutakwenda kwa shangazi kula.

Nakuja na basi la saa kumi na mbili. Usicheke. Langu liko kwa fundi bodi, mlango wa kulia.